Uchambuzi: Kifundo cha mguu bandia na hatua za aliyekatwa juu ya goti

Na Mwandishi Wetu

Taarifa za utoaji wa miguu bandia zinapotangazwa kwa umma, jambo linaloandikwa kwanza ni idadi: watu kadhaa wamepimwa, kadhaa wamekabidhiwa miguu, na wafadhili wametoa kiasi fulani cha fedha. Ni habari njema na zinastahili kuandikwa. Hata hivyo, idadi hiyo haielezi ni mguu wa namna gani uliotolewa. Kwa mtu aliyekatwa mguu juu ya goti, namna ya mguu, na hususan umbile la kifundo chake, huchangia sana kuamua iwapo ataufanya kuwa wake au atauegemeza ukutani na kurudia magongo.

Suala hilo lina uzito wa pekee katika kipindi hiki ambapo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inailazimu kila huduma ijibu maswali ya gharama: nini kilipiwe, kwa kiwango gani na kwa muda gani. Mguu bandia ukiandikwa katika orodha kama kitu kimoja, bila kutaja sehemu zake, upo uwezekano mkubwa kwamba sehemu ya bei nafuu kuliko zote itachaguliwa mahali ambapo haifai, na gharama ya uchaguzi huo itabebwa na anayeanguka.

Goti lisilo na msuli

Tofauti ambayo wengi wetu hatuioni ni ile iliyopo kati ya aliyekatwa chini ya goti na aliyekatwa juu yake. Wa kwanza amebaki na goti lake. Mguu bandia ukikosea kidogo, misuli ya paja huhisi kosa hilo na kulisahihisha kabla mwenyewe hajayumba. Wa pili amepoteza viungo viwili kwa mpigo, goti na kifundo, na goti alilopewa badala yake kwa kawaida ni bawaba. Halina msuli wa kulinyoosha wala neva ya kumwarifu kwamba limeanza kukunjika. Alichobaki nacho ni nguvu ya nyonga, kigutu cha paja, na ustadi wa fundi aliyeupanga mguu huo.

Basi goti hilo husimamaje? Jibu lake limo katika kanuni ya fizikia inayofundishwa sekondari. Mtu anapokanyaga ardhi, ardhi nayo humsukuma kwa kani iliyo sawa na ile aliyoikanyagia. Mstari wa kani hiyo ukipita mbele ya mhimili wa goti, goti hunyooka na kutulia. Ukipita nyuma yake, goti hukunjika. Uzito unapoanza kushuka juu ya kisigino, kani huingia kupitia sehemu ya nyuma kabisa ya wayo, na mstari wake huelekea kupita nyuma ya goti. Huo ndio wakati wa hatari. Ni sehemu ndogo tu ya sekunde, lakini hurudi katika kila hatua, kutwa nzima.

Hatari hupungua pale wayo wote unapolala chini, kwa sababu hapo kani husogea mbele na goti hutulia. Kwa hiyo swali la msingi ni kwamba wayo unachukua muda gani kulala, na anayelijibu swali hilo ni kifundo. Kifundo kikiwa kigumu na kisigino nacho kigumu, mguu mzima hugeukia juu ya ncha ya kisigino, muundi husukumwa mbele na goti hufuata. Kikiwa na uwezo wa kuuteremsha wayo mara tu kisigino kinapogusa ardhi, goti huwa salama mapema. Ndiyo maana mtaalamu makini, anapoambiwa na mgonjwa kwamba goti linamtupa, huanza kwa kutazama kisigino kabla ya kuligusa goti lenyewe.

Sehemu ya mbele ya wayo nayo ina neno lake. Mwili unapopita juu ya mguu uliosimama, vidole ndivyo vinavyouzuia muundi usikimbie mbele. Sehemu hiyo ikiwa laini mno, mwenye mguu huhisi kama amekanyaga shimo mwishoni mwa kila hatua, na goti huweza kukunjika kabla ya wakati wake. Ikiwa ngumu mno, huhisi kama anapanda mlima katika sakafu tambarare. Goti hubaki limenyooka hata pale linapotakiwa kukunjika ili mguu upite hewani, naye hulazimika kuinua nyonga, au kuuzungusha mguu kwa nje kama anayepita juu ya kizingiti. Mwendo huo ukirudiwa miaka mingi, mgongo na mguu uliobaki ndivyo vinavyolipa.

Kutoka Berkeley hadi Jaipur

Mguu bandia uliosambaa zaidi katika nchi zenye kipato kidogo ni ule unaojulikana kwa jina la SACH, uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, miaka ya 1950. Hauna kiungo chochote kinachocheza. Ndani yake mna kipande kigumu, mara nyingi cha mbao, na kwenye kisigino huwekwa kabari ya mpira laini inayobonyea pale uzito unaposhuka, hivyo kuiga mwendo wa wayo unaolala. Uzuri wake ni kwamba hauna skrubu ya kulegea wala chuma cha kushika kutu, na bei yake ni ndogo. Udhaifu wake hujificha katika ile kabari. Kabari iliyokusudiwa mwanamume wa kilo 90 haibonyei chini ya mwanamke wa kilo 50. Na kisigino kisipokubali, goti ndilo litakalokubali. Katika kambi ambako miguu imefika ikiwa ya ugumu mmoja, tofauti hiyo huweza kupita bila kuonekana siku ya makabidhiano, kwa kuwa siku hiyo mgonjwa hutembea hatua chache akishikiliwa mkono.

Upo pia mguu wenye mhimili mmoja, wa zamani kuliko SACH, ambao kifundo chake hucheza juu na chini kikizuiliwa na vipande vya mpira mbele na nyuma. Kwa vijana wenye nguvu, wengi wangeuona wa kizamani. Kwa aliyekatwa juu ya goti ambaye ni mzee au ambaye nyonga yake imedhoofika, wataalamu wameendelea kuuchagua kwa sababu moja iliyo wazi: wayo wake hulala haraka, na goti hutulia haraka. Ni mzito kidogo, na mchanga ukiingia kwenye mhimili huanza kulia na kulegea. Mtu wa pwani atauchosha mapema kuliko mtu wa ofisini.

Mwaka 1968 mjini Jaipur, India, daktari wa mifupa P. K. Sethi na fundi Ram Chandra Sharma walitengeneza mguu wa mpira kwa ajili ya watu ambao wataalamu wa Magharibi hawakuwafikiria: wakulima wanaotembea pekupeku, wanaoingia kwenye majaruba ya mpunga, wanaoketi chini na kuchuchumaa. Mguu huo una umbo la wayo halisi, hauhitaji kiatu, na hujikunja kuelekea pande zote. Umefika katika nchi nyingi za Asia na Afrika kupitia kambi za kuwafuata wahitaji walipo, na Dk. Sethi alitunukiwa Tuzo ya Ramon Magsaysay mwaka 1981. Somo lake kubwa kwetu ni namna tatizo lilivyoulizwa. Sethi na Sharma walianza na maisha ya mtu anayevaa mguu, kisha wakatafuta kifundo kinachoyafaa maisha hayo. Lakini ulegevu huohuo unaomwezesha mtu kuchuchumaa unadai nyonga yenye nguvu ya kuuthibiti anapotembea. Kwa aliyekatwa juu ya goti, faida na hasara hizo lazima zipimwe mtu kwa mtu.

Tangu miaka ya 1980 yamekuja mapinduzi mengine. Mmarekani Van Phillips, ambaye mwenyewe alipoteza mguu chini ya goti, alibuni mguu wa nyuzi za kaboni uitwao Flex-Foot. Unapokanyagwa hupinda kama upinde, na unapoachiwa hurudisha sehemu ya nguvu iliyouingia. Baada yake vimekuja vifundo vya haidroliki, ambavyo mafuta yaliyomo ndani huuruhusu wayo kufuata mteremko na kubaki umeinuka kidogo unapopita hewani. Jambo hilo la mwisho si dogo. Mtu mwenye miguu miwili anapotembea, ncha ya vidole hupita juu ya ardhi kwa umbali usiozidi sentimita moja au mbili hivi. Kifundo kisichoinua vidole huufanya kila mzizi na kila jiwe kuwa mtego. Vipo hatimaye vifundo vyenye mota na betri. Kwa waliokatwa juu ya goti, watafiti kama wale wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt nchini Marekani wameunganisha goti na kifundo vyenye nguvu katika mguu mmoja. Ni kazi ya kuvutia, lakini mguu unaohitaji kuchajiwa kila siku na fundi wa elektroniki haujibu swali la mkulima wa Lushoto kwa sasa.

Ushahidi unasema nini

Mtu angetarajia kwamba baada ya miongo yote hiyo sayansi ingekuwa imetoa hukumu. Haijatoa. Mwaka 2004 watafiti walipitia kwa utaratibu wa Cochrane majaribio 26 yaliyolinganisha miguu na vifundo bandia. Majaribio hayo yote kwa pamoja yalikuwa na washiriki 245 tu. Walihitimisha kwamba hapakuwa na ushahidi wa kutosha wa kuutaja mguu wowote kuwa bora kuliko mingine kwa watu wote. Kwa waliokatwa juu ya goti wenye shughuli nyingi, waliona ushahidi mdogo kwamba Flex-Foot hupunguza nishati inayotumika katika kutembea kwenye tambarare ukilinganishwa na SACH.

Hitimisho hilo limewahi kutumiwa kuhalalisha ununuzi wa mguu wa bei ya chini kwa kila mtu. Kwa mtazamo wa makala haya, huo ni usomaji mbaya. Kukosekana kwa mshindi mmoja hakumaanishi kwamba miguu yote ni sawa. Kunamaanisha kwamba kila mguu una mtu wake. Kijana aliyeumia katika ajali ya bodaboda, mwenye nyonga imara na kazi ya kusimama, ana mahitaji tofauti na mama wa miaka 65 aliyekatwa mguu kwa sababu ya kisukari, ambaye lengo lake ni kufika msalani na uani bila kushikwa mkono. Kumpa kijana kifundo cha mama huyo ni kumchosha. Kumpa mama kifundo cha kijana ni kumwangusha.

Suala la kuchoka lina vipimo vyake. Tangu utafiti wa Waters na wenzake uliochapishwa mwaka 1976 inajulikana kwamba kadiri mguu unavyokatwa juu zaidi, ndivyo mtu anavyotembea polepole zaidi na kutumia nishati nyingi zaidi kwa kila mita. Mguu wa kaboni unaweza kuurudishia mwili sehemu ya nguvu hiyo, lakini hauwezi kurudisha zaidi ya ulichopewa, ilhali misuli ya shavu la mguu wa asili huzalisha nguvu mpya katika kila hatua. Zaidi ya hapo, kwa aliyekatwa juu ya goti, msukumo wa kifundo hupitia kwanza kwenye bawaba ya goti kabla ya kuufikia mwili. Usipokuja kwa wakati wake, hulikunja goti badala ya kumsogeza mtu mbele. Hii ni sababu mojawapo inayofanya kifundo cha bei kubwa kilichomletea nafuu kubwa aliyekatwa chini ya goti kisilete nafuu ileile kwa jirani yake aliyekatwa juu yake.

Kiatu, mkeka na matope

Jambo ambalo halimo katika vipeperushi vya watengenezaji, na ambalo lina athari kubwa katika mazingira yetu, ni kiatu. Miguu mingi isiyo na kifundo kinachocheza hupangwa kwa ajili ya kiatu chenye kisigino cha kimo fulani, kwa kawaida takribani sentimita 1. Mtu akivaa kiatu cha mtumba chenye kisigino kirefu zaidi, muundi huinamia mbele na goti hupoteza utulivu wake. Akivua viatu, kama inavyompasa anapoingia msikitini au anapokaribishwa sebuleni, muundi huegemea nyuma, na hatua ya mbele huwa nzito kama ya kupanda kilima. Mwenye goti lake mwenyewe hurekebisha tofauti hiyo bila kujua. Aliyekatwa juu ya goti hana cha kurekebishia.

Vivyo hivyo kwa mteremko. Mguu wenye kifundo kisichocheza ukishuka mlima, wayo hulala kwa kufuata ardhi na kulisukuma goti likunjike. Wengi hujifunza kushuka upande upande, wakitanguliza mguu bandia. Katika tambarare ya korido ya hospitali tatizo hili halionekani kabisa, na korido ndiko mguu unakojaribiwa. Kwa mkazi wa Upareni au wa miteremko ya Kilimanjaro, jaribio hilo halijamwambia kitu.

Pale ambapo kifundo na kisigino havikuchaguliwa vizuri na goti likaendelea kukunjika, njia ya mkato iliyozoeleka ni kulifunga goti kwa komeo. Goti lililofungwa haliangushi mtu, na wapo wagonjwa ambao kwao huo ndio uamuzi sahihi. Lakini ni mguu wa mti kwa maana yake halisi: mtu huutupa kwa nje katika kila hatua, na akiketi kwenye daladala hulazimika kufungua komeo kwa mkono au kuunyoosha mguu njiani. Kumfungia mtu goti maisha yake yote ili kuepuka gharama ya kubadilisha kisigino ni uchumi mbaya.

Nini kilipiwe

Tanzania haianzii sifuri katika jambo hili. Chuo cha mafunzo ya wataalamu wa viungo bandia kilichopo KCMC mjini Moshi, TATCOT, kilianzishwa mwaka 1981 kwa ushirikiano na Ujerumani na kimefundisha wataalamu wanaofanya kazi katika nchi nyingi za Afrika. Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) na hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam zina karakana zake. Nchi iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Mkataba huo, katika ibara yake ya 20, unazitaka nchi kuwezesha upatikanaji wa vifaa bora vya kutembelea kwa gharama ambayo mtu anaimudu. Neno linalopuuzwa mara nyingi hapo ni ubora.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilichapisha viwango 60 vya huduma za viungo bandia, vikigusa sera, bidhaa, wataalamu na utoaji wa huduma. Miaka mitano baadaye, ripoti ya WHO na UNICEF kuhusu teknolojia saidizi ilionyesha kwamba katika baadhi ya nchi maskini ni asilimia 3 tu ya wahitaji wanaopata vifaa wanavyovihitaji, huku katika baadhi ya nchi tajiri wakifikia asilimia 90. Takwimu ya namna hiyo humfanya mtoa maamuzi atamani kuongeza idadi kwa haraka, na hamu hiyo inaeleweka. Lakini mguu uliotolewa na usiovaliwa huongeza takwimu tu.

Kuna pia suala la uchakavu, ambalo bima haiwezi kulikwepa. Kiwango cha kimataifa cha kupima uimara wa miguu na vifundo bandia, ISO 22675, huutaka mguu uvumilie mizunguko milioni 2 ya kukanyagwa kwenye mashine. Mtu anayepiga hatua 3,000 kwa siku kwa mguu huo atakuwa amefikisha idadi hiyo kabla ya miaka miwili kwisha, tena katika jua, jasho na matope ambayo mashine haiyajui. Povu la plastiki linalotumika katika miguu mingi ya bei nafuu huoza haraka zaidi penye joto na unyevu. Kisigino kikishakufa, urefu wa mguu hubadilika, muundi hubadilisha mwelekeo, na goti lililokuwa salama mwaka jana huanza kutupa watu mwaka huu, ilhali soketi na goti lenyewe bado vizima. Kinachohitajika hapo ni wayo mpya na saa chache za fundi. Mpango unaolipia mguu mzima mara moja kwa miaka kadhaa, na usiolipia wayo peke yake, humwacha mtu na mguu mzuri usiokanyagika.

Hivyo basi, wakati vitita vya huduma vinapoendelea kupangwa, wayo na kifundo vinapaswa kuorodheshwa peke yake, kwa aina zisizopungua mbili kwa waliokatwa juu ya goti, na kwa ugumu unaolingana na uzito wa mtu. Marudio ya kliniki baada ya miezi michache nayo yalipiwe, kwa kuwa kigutu hupungua na mpangilio wa mguu huhitaji kusahihishwa. Hayo ni madai ya kawaida, na yana gharama ndogo kuliko kuvunjika nyonga kwa mtu mzima mmoja aliyeanguka uani.

Kwa mwananchi anayekwenda kupimwa sasa, yapo mambo anayoweza kuyafanya bila kusubiri mwongozo wowote. Aende na viatu anavyovivaa kila siku, na kama huvua viatu kwa ajili ya ibada au kazi, amweleze mtaalamu mapema. Ataje uzito wake, aina ya choo anachotumia nyumbani na mwinuko wa njia anayopita. Kabla ya kutia saini fomu ya kupokea mguu, aombe kutoka nje ya jengo na kuujaribu kwenye ngazi, kwenye kokoto na kwenye mteremko, kisha aseme waziwazi iwapo goti linamtupa, maana siku hiyo kisigino bado kinaweza kubadilishwa akiwa hapohapo.